Swapu gigabaiti ngapi? Maneno kwa mafundi wa kompyuta, Kisumu

Hotuba hii niliitoa Kisumu mbele ya mafundi wa kompyuta, wasimamizi wa maabara za shule, wenye saiba na wanafunzi wa vyuo. Nimeiandika karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.

Misawa. Mulembe. Chamgei. Na nyinyi mliotoka Nakuru kabla ya jogoo kuwika, poleni na malori ya Mau Summit.

Waandaaji waliniomba nizungumzie swapu, yaani nafasi, kwa kawaida ya diski, ambako data ya RAM huhamishiwa, na kumbukumbu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, kwenye Linux na jamaa zake wa ukoo wa Unix. Nikauliza, hao watakaokuja wanataka kujua nini hasa? Nikajibiwa: "Wanataka kujua waweke swapu gigabaiti ngapi." Nitajibu, lakini mtavumilia kidogo. Nikiitaja nambari sasa hivi, mtaondoka nayo na kuipachika kila mahali kuanzia Kondele hadi Bungoma, na mashine nyingi zitakuwa afadhali zingeachwa zilivyokuwa.

Mashine zenyewe tunazijua. Ni zile za eks-UK: RAM gigabaiti 4, diski ya kuzunguka iliyokwishafanya kazi miaka mingi ofisini kwa watu kabla haijavuka bahari. Ziko kwenye maabara za shule, kwenye saiba, kwenye ofisi ya sacco ambako moja imegeuzwa kuwa seva. Na vijana wa siku hizi wanakodi seva za mtandaoni zenye RAM gigabaiti 1, kwa sababu hiyo ndiyo bei wanayoiweza. Kama una pesa ya kununua RAM, nunua RAM, na wewe unaweza kwenda kunywa chai. Sisi tuliobaki tuendelee.

Kwanza niiondoe njiani ile kanuni ya "RAM mara mbili", maana najua kuna mtu ameandika hivyo kwenye daftari lake la chuo. Haikuzuliwa na mjinga. Unix ilipoanza Bell Labs mwaka 1969, na kwa miaka kadhaa baadaye, kumbukumbu ikijaa programu nzima iliondolewa ikapelekwa diskini, kisha ikarudishwa nzima zamu yake ikifika. Wazo la kuigawa kumbukumbu vipande vidogo, yaani kurasa, lilikuwapo tayari: kompyuta ya Atlas ya Manchester ililitumia mwaka 1962. Lakini kwa Unix kurasa zilishika mizizi na 3BSD, toleo la Unix la Chuo Kikuu cha Berkeley, mwaka 1979, kwenye mashine za VAX. Na mifumo hiyo ya BSD ilikuwa na sharti: programu ikiomba kumbukumbu, nafasi yake kwenye swapu inatengwa papo hapo, hata kama haitatumika kamwe. Kwa sharti hilo, swapu ikiwa ndogo kuliko RAM, sehemu ya RAM uliyoinunua kwa pesa nyingi haifanyi kazi. Mara mbili ilikuwa hesabu ya busara. Linux 2.4 nayo ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa mlafi wa swapu kwa namna yake, na ushauri ule ukapata uhai mpya. Sharti limekwisha, kanuni imebaki. Seva ya RAM gigabaiti 64 haihitaji swapu ya gigabaiti 128, na atakayekwambia hivyo mwombe akuonyeshe itajazwa na nini.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba msikilize kuliko mahali pengine popote.

Kerneli inapotazama RAM, haioni Firefox wala LibreOffice. Inaona kurasa, kila mmoja baiti 4096 kwenye mashine hizi zetu za kawaida. Na kurasa hizo, ukiacha zake yenyewe ambazo nitazifikia, ni za aina mbili. Kuna kurasa zenye faili nyuma yake: msimbo wa programu, maktaba zake, hati uliyoifungua. Hizi nakala yake iko diskini. RAM ikibana, kerneli inautupa ukurasa. Kama ulibadilishwa, inauandika kwanza kwenye faili lake, kisha inautupa. Ukihitajika tena, utasomwa upya. Halafu kuna kurasa zisizo na faili: data ambayo programu imeitengeneza yenyewe ikiwa inafanya kazi. Fomu uliyojaza nusu, picha iliyofunguliwa kwenye kivinjari, jedwali la hesabu ambalo hujalihifadhi. Hizi hazina kwao pengine popote. Swapu ndiyo kwao pa pili.

Mnaona inakotupeleka? Fundi anaambiwa swapu inapunguza kasi. Anaandika swapoff -a, amri ya kuizima, anafuta mstari wake kwenye /etc/fstab, faili linaloiwasha tena kila mashine ikiwashwa, anafurahi. RAM inajaa. Kerneli inatafuta cha kutoa. Kurasa zisizo na faili haiwezi kuzigusa, kwa sababu hazina pa kwenda, hata kama kati yake kuna data ya programu iliyofunguliwa asubuhi na haijaguswa tena hadi sasa saa kumi. Kwa hiyo inatupa kurasa za faili. Nazo ni nini? Ni msimbo wa programu zile zile zinazoendeshwa dakika hii. Kivinjari kinahitaji mstari wake unaofuata, haupo, unasomwa diskini; ili upate nafasi, msimbo wa programu nyingine unatupwa; nayo ikipata zamu inasoma upya. Taa ya diski inawaka bila kuzima, kipanya kinatambaa, kibodi haijibu. Swapu imezimwa, na mashine imeganda kwa kusukumana na diski vile vile. Tofauti ni kwamba sasa huoni sababu, kwa maana fundi anatazama swapu, anaona sifuri, anailaumu diski.

Kwa hiyo kazi ya swapu si kuiongeza RAM. Kazi yake ni kuipa kerneli uhuru wa kuchagua nini kitoke. Ikiwa na swapu, inaweza kulinganisha ukurasa uliolala tangu asubuhi na ukurasa wa msimbo unaotumika sasa, ikamtoa aliyelala. Bila swapu inamtoa yeyote anayetoka.

Ndiyo maana pia ile nambari inayowatia watu hofu, "swapu iliyotumika", peke yake haisemi kitu. Chukulieni saiba wiki ya mwisho ya Juni. Watu wamepanga foleni kuwasilisha ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30. Mashine mbili zimekaa meza moja. Ya kwanza, ukiandika free -h, amri inayoonyesha matumizi ya kumbukumbu, swapu iliyotumika ni megabaiti 900. Kijana wa zamu anashtuka, anataka kuizima na kuiwasha. Ya pili swapu iliyotumika ni megabaiti 200 tu, anaiacha. Sasa andika vmstat 1, inayotoa mstari mpya wa takwimu kila sekunde, kwenye zote mbili. Mstari wa kwanza uupuuze, huo ni wastani tangu mashine iwashwe. Tazama safu mbili, "si" na "so": ya kwanza ni kilobaiti zinazorudi kutoka swapu kila sekunde, ya pili ni zinazokwenda. Mashine ya megabaiti 900 inaonyesha sifuri, sifuri, sifuri. Vitu vilitolewa asubuhi, havijaitwa tena, mteja anaandika PIN yake raha mustarehe. Ile ya megabaiti 200 inaonyesha maelfu upande huu na maelfu upande ule, mstari baada ya mstari, na safu ya "wa" imepanda hadi 50 na zaidi, yaani nusu ya muda na zaidi prosesa imekaa bure inasubiri diski. Huyo ndiye mgonjwa. Umepanga kumzima mzima na kumwacha anayeumwa.

Kerneli za kuanzia 4.20 zina kipimo kingine kizuri zaidi, faili la /proc/pressure/memory. Linakwambia ni asilimia ngapi ya muda kazi zilisimama zikisubiri kumbukumbu, kwa sekunde 10, 60 na 300 zilizopita. Mkiwa na kitu kimoja cha kuweka kwenye skrini ya ufuatiliaji, wekeni hicho. Na kwenye free someni safu ya available, acheni ya free. RAM iliyotumika kuhifadhi kurasa za faili haijapotea, itaachiliwa ikiombwa.

Kutengeneza swapu ni kazi ya dakika mbili, sitakaa hapo. Faili linatosha, huhitaji patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa:

fallocate -l 2G /swapfile
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Kisha kwenye /etc/fstab: /swapfile none swap sw 0 0. Usiiruke chmod. Ndani ya faili hilo kutakuwa na vipande vya kumbukumbu za watu, nywila zikiwemo, na si la kusomwa na kila mwenye akaunti. OpenBSD, mmoja wa ukoo wa Unix, inasimba swapu yake bila kuombwa. Kwenye Linux hilo ni jukumu lako, na kwenye mashine ya sacco ningelifanya. Kama diski inatumia mfumo wa faili wa Btrfs, faili linahitaji matayarisho yake ya ziada na kerneli ya 5.0 au zaidi. Na ukija kuandika swapoff, hakikisha RAM ina nafasi, kwa sababu kila kilichoko kwenye swapu kitarudi.

Swappiness, nambari inayoiongoza kerneli itumie swapu kwa kiasi gani. Hii nayo ina kanuni zake za kunong'onezana: weka 10, weka 1. Chaguo-msingi ni 60, na watu wengi hudhani ni asilimia ya RAM, kwamba swapu itaanza RAM ikibaki kiasi fulani. Sivyo. Ni mizani ya gharama. Inaiambia kerneli: kumtoa mwenye faili na kumtoa asiye na faili, ipi ni ghali zaidi kwenye mashine hii? Mia moja maana yake gharama ni sawa. Kerneli ya 5.8 iliongeza kikomo hadi 200, kwa ajili ya mashine ambazo swapu yake ni ya haraka kuliko diski ya faili. Kwenye diski ya kuzunguka, kushuka hadi 20 au 30 kunaeleweka. Kuweka 0 ni kurudi karibu na yule fundi wa swapoff. Jaribu kwanza kwa sysctl -w vm.swappiness=30, itazame vmstat wakati wa kazi halisi, na ukiridhika iandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/ ili isipotee mashine ikiwashwa upya.

Sasa kumbukumbu ya kerneli yenyewe. Hii haiendi swapu. Kwenye Linux, kila ukurasa ambao kerneli imeuchukua kwa matumizi yake unabaki RAM hadi yenyewe iuachilie: orodha zake za faili zilizofunguliwa, bafa za mtandao, majedwali yanayoonyesha ukurasa gani ni wa programu gani. Fungua /proc/meminfo usome Slab, SReclaimable, SUnreclaim, PageTables, KernelStack. SReclaimable ikiwa kubwa usiwe na wasiwasi, mara nyingi ni kumbukumbu ya majina ya faili, na itaachiliwa. SUnreclaim ikipanda siku baada ya siku, kazi ikiwa ile ile, kuna dereva au moduli inayovuja. Tumia slabtop uone nani anakula. Hapo hata ukiweka swapu ya gigabaiti 50 haitasaidia, kwa sababu anayekula hali kwenye sahani hiyo.

Kuna vifundo vya kerneli ambavyo watu hupenda kuvigeuza. vm.min_free_kbytes ni akiba ambayo kerneli hujiwekea kwa maombi yasiyoweza kusubiri, kama pakiti ya mtandao inapoingia. Ukiipandisha sana, hati za kerneli zenyewe zinaonya kwamba mashine itadai imeishiwa kumbukumbu papo hapo. Kwenye mashine ya gigabaiti 4 sioni sababu ya kuigusa. kernel.shmmax, kikomo cha ukubwa wa kipande cha kumbukumbu shirikishi, nayo mtaikuta kwenye kila mwongozo wa zamani wa hifadhidata. PostgreSQL iliacha kuhitaji sehemu kubwa ya kumbukumbu shirikishi ya mtindo huo tangu toleo la 9.3, mwaka 2013, na mwaka uliofuata Linux 3.16 ikapandisha chaguo-msingi juu mno. Ukiona mtu bado anaihesabu kwa kikokotoo, mwongozo wake ni wa zamani.

Kwa wale wa FreeBSD, jamaa mwingine wa ukoo wa Unix, najua mko wawili watatu pale nyuma: kwenu mlaji mkubwa ni ARC, akiba ya RAM ya mfumo wa faili wa ZFS, nayo ni kumbukumbu ya kerneli. Kwenye mashine ndogo iwekeeni kikomo kwa vfs.zfs.arc_max ndani ya /boot/loader.conf. Swapu mtaitazama kwa swapinfo. Na msisahau kwamba kwenu kerneli ikianguka, maiti yake huandikwa kwenye patisheni ya swapu ili ichunguzwe baadaye, kwa hiyo faili pekee halitoshi kila mara.

Linux inaahidi kumbukumbu nyingi kuliko iliyo nayo. Ni kama chama kinachompitishia kila mwanachama mkopo kikijua hawatakuja kuuchukua siku moja: mara nyingi mambo yanakwenda, hadi Januari shule zifunguliwe na wote wasimame mlangoni. Programu huomba nyingi na kugusa kidogo, ndiyo maana mtindo huu unafanya kazi. Siku wote wakigusa, kerneli inachagua mmoja wa kuuawa. Kila mchakato una alama zake kwenye oom_score, na mwenye alama nyingi, aghalabu aliyekula RAM nyingi zaidi, ndiye anayekwenda. Kwenye seva ya sacco, aliyekula RAM nyingi zaidi ni nani? Hifadhidata. Ile ile ambayo seva ipo kwa ajili yake.

Una njia mbili. Moja ni kumkinga kwa oom_score_adj, ambayo huanzia -1000 hadi 1000; kwa systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux nyingi, andika OOMScoreAdjust=-800 kwenye faili la huduma. Ya pili ni vm.overcommit_memory=2, ambayo inaikataza kerneli kuahidi kupita kikomo. Kikomo hicho ni swapu yote pamoja na nusu ya RAM. Sasa piga hesabu: RAM gigabaiti 4, hakuna swapu, kikomo ni gigabaiti 2. Programu zitaanza kukataliwa huku nusu ya RAM ikionekana iko wazi, na utatafuta tatizo hadi usiku. Anayechagua 2 aweke swapu, hata kama haitaguswa.

Nimalizie na zram, kwa sababu ndiyo ningeiweka kwenye maabara nyingi za shule za huku kwetu. Zram ni swapu iliyoko ndani ya RAM yenyewe, ikiwa imebanwa. Ukurasa usio na faili ukitolewa, unabanwa na kubaki humo humo, bila kugusa diski. Data ya kawaida ya programu hubanika hadi nusu au theluthi ya ukubwa wake, na kwa prosesa hata za zamani kuifungua ni haraka mno ukilinganisha na kusubiri diski ya kuzunguka. Fedora iliifanya chaguo-msingi tangu toleo la 33, mwaka 2020. Simu zenu za Android zinaitumia. (Na kwa kuwa tumetaja simu: lile tangazo la duka, "RAM 4 + 4", ile nne ya pili ni swapu kwenye hifadhi ya simu. Msilipie kama RAM.) Ukiwa na zram, swappiness ipandishe hadi 100 au zaidi, kwa sababu sasa kumtoa asiye na faili ni rahisi kuliko kusoma faili.

Kasoro yake moja: ukiweka zram mbele na swapu ya diski nyuma, zram hujaa vitu vilivyolala, na vitu vya moto vinavyokuja baadaye vinapelekwa diskini. Kinyume cha tulichotaka. Kwa mashine iliyo na swapu ya diski, zswap ni bora: inabana kwanza, na vilivyolala inavisukuma diskini yenyewe. Chagua moja, usiziwashe zote.

Basi, nambari zenu. Kompyuta ya maabara ya gigabaiti 4 yenye diski ya kuzunguka: zram ya gigabaiti 2 pekee, au zswap na faili la gigabaiti 4. Seva ya kukodi ya gigabaiti 1: faili la gigabaiti 1. Seva ya hifadhidata ya gigabaiti 16: swapu ya gigabaiti 2 hadi 4, swappiness ndogo, na hifadhidata ikingwe kama nilivyosema. Zaidi ya hapo, vmstat iamue.

Swali la kwanza lilitoka kwa dada mmoja wa Njoro. Stima kwao hupotea mara kwa mara, anataka laptopu zilale zikiwa zimehifadhi kila kitu diskini badala ya kuzimika. Dada yangu, hapo zram haitakusaidia, kwa sababu iko RAM na RAM inazimika. Unahitaji swapu ya diski, na mimi ningeifanya sawa na RAM yote ili usihesabu. Patisheni ni rahisi zaidi; ukitumia faili, kerneli itahitaji kuambiwa wakati wa kuwashwa faili linaanzia wapi diskini, kwa resume na resume_offset. Jaribu siku stima ipo.

La pili, la mzee mwenye saiba Kibuye: swapu si itaila SSD yake mpya? Mzee wangu, tazama safu ya "so" ya vmstat siku nzima ya kazi. Ikiwa ni sifuri mara nyingi, SSD haina habari nayo. Ikiwa inaandika bila kupumzika, basi SSD itaumia, lakini wateja wako watakuwa wamehama kabla yake, na dawa ni RAM au kupunguza vichupo vya kivinjari. Kuhusu umri wa diski yenyewe, smartctl -a itakuonyesha imeandikwa kiasi gani hadi leo.

Chai iko nyuma. Wenye laptopu za Linux waje meza hii ya dirishani, tufungue vmstat kwenye mashine zenu wenyewe. Wa FreeBSD kaeni pamoja, nitawafikia.